Udongo Ulionisema

Turffontein, Johannesburg
Juni 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ukaidi na unaweza tena kwenda kanisani kwa miguu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa baridi, ambayo mwezi huu haina adabu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti juu na ukoo mzima husikiliza. Barua hii anakuletea mwenzetu mmoja wa kanisani. Isome peke yako kwanza.

Ule udongo wa kula uliotuma ulifika. Ulipoisha nikapata mwingine kule mtaa wa Berea, kwa mama mmoja Mkongo anayeuza chini ya magorofa. Hakuniuliza swali. Alinitazama tumboni, ingawa halikuwa na la kutazamwa, akasema, "Hii iko muzuri, mama, haina muchanga," akaniongeza kipande.

Kazi yangu huwa unawaambia majirani kuwa ni ya umeme, na sijawahi kukusahihisha. Ukweli ni kwamba napima mionzi katika kinu cha nyuklia nje ya jiji. Napitisha kipima juu ya sakafu, vifaa, viatu na mikono ya watu, kuhakikisha vumbi la ndani halitoki nje. Mionzi haionekani wala hainuki, kwa hiyo tunaishi kwa sheria. Ukiwa ndani huli, hunywi, hutafuni, maana vumbi ukishalimeza huwezi kulikung'uta. Na mwanamke akijijua mjamzito anatakiwa kutoa taarifa mara moja, aondolewe ndani.

Hiyo ya mwisho sikuitii. Uliniambia tumbo halitangazwi, litajitangaza lenyewe, na baada ya ile mimba iliyotoka mwaka juzi sikuwa na ubishi. Nikawa naomba zamu za vyumba vyenye mionzi michache, nikanyamaza.

Jumanne moja nilisahau kipande cha udongo shavuni. Nikavaa ovaroli na glavu, nikaingia, na taya likaendelea na shughuli zake. Msimamizi wangu, Dada Thandeka, Mzulu wa makamo asiyejua utani kazini, akaliona. Akanitoa nje. Wakanikalisha kwenye mashine inayosoma mionzi iliyomo mwilini mwa mtu. Haiumi wala haitoi mionzi yake, inapokea tu. Ikaonyesha mionzi kidogo ya aina isiyotoka kinuni kwetu. Fundi akakuna kichwa, akanipima tena, ikasema vilevile.

Thandeka akataka kuona nilichokuwa nikitafuna. Nilikuwa nimekitema kwenye karatasi. Akakipima.

"Eish, Wakesho," akasema. "Huu ni udongo. Mama yangu aliula mimba zake zote." Kisha akashusha sauti. "Una miezi mingapi?"

Usijilaumu, mama. Udongo wowote una mionzi yake kidogo, hata wa shambani kwako, na mashine ile ni nyepesi kusikia. Lakini kwa Thandeka hapakuwa na haja ya mashine. Huku nao wanawake wanajua nani hula udongo na kwa nini.

Beji ninayovaa kifuani, inayohifadhi kiasi cha mionzi kilichonipata, ikapelekwa kusomwa. Majibu yalichukua siku kadhaa. Niliogopa, mama. Zile wiki za kunyamaza nilikuwa nimezichezea kamari kwa niaba ya mtoto, naye hakuulizwa. Mkweo Mwadime alinipikia ugali nisioula, akaniambia waliosema mficha uchi hazai walikuwa wakinijua.

Beji ilikuwa na kiasi kidogo mno, chini ya kile kinachoruhusiwa kwa mwenye mimba. Nikapewa onyo la maandishi kwa kutafuna, nalo ni halali yangu. Sasa nakaa mezani nje ya uzio, nagawa ovaroli na kukumbusha watu wavue pete. Kazi inachosha kwa kukosa uchovu. Udongo nimeuacha, muuguzi wa kliniki amesema unanipunguzia damu, kwa hiyo usitume tena. Tuma kahawa.

Limebaki jambo moja. Mwanamke aliyetoa taarifa hupewa beji ya pili, aivae tumboni chini ya nguo, kwa ajili ya mtoto. Mjukuu wako hana jina bado, lakini beji anayo. Juzi wameisoma kwa mara ya kwanza. Haina kitu.

Kwa hiyo msalimie Baba, na kaka Mwanyumba na mkewe, na shangazi Mkamburi aliyenilea nikiwa shuleni. Ukishawasalimia, waambie.

Mwanao,
Wakesho