Kwa Mama, Uliyehamishia Kwaya Mlangoni

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu cherehani yako inyamaze. Tumeifunika kitambaa, tumejaribu kuuzoea ukimya wake, tumeshindwa. Baba bado anapita upande ule wa sebule kwa kunyata, kama vile kuna mtu anapima nguo na hataki kusumbuliwa.

Tunakuandikia wewe, ila tunajua wengine nao watasoma. Hukuwahi kuogopa kusikilizwa.

Wateja wako walikutania kwamba nguo zako zinafuata kalenda ya Kanisa. Mguu wako ulikanyaga pedali kwa mwendo wa wimbo uliokuwa kichwani. Wakati wa Pasaka gauni lilikuwa tayari kabla mwenyewe hajanunua viatu. Wakati wa Kwaresima mtu alisubiri mpaka akakata tamaa. Akilalamika unamwambia, "Mshono wa toba haukimbizwi," anacheka, anarudi wiki inayofuata, anakuta bado.

Ulifundisha kwaya ya parokia tangu sisi tukiwa wa kubebwa. Jambo la kwanza ulilofanya ni kuzishusha nyimbo. Sauti ya kwanza wakanuna, maana huko juu ndiko walikojulikana. Ukawaambia, "Nyinyi mnapaa, waumini wanabaki chini wanawatazama kama ndege. Mama aliyetoka zamu ya usiku sasa hivi ataufikia wimbo huu? Basi tunaushusha." Wakashuka shingo upande.

Hukuwa mpole, tusikudanganye. Aliyechelewa mazoezi alipewa yake mbele ya watu wote. Lakini aliyekosa mazoezi kwa sababu ya mtoto mgonjwa alikukuta mlangoni kwake jioni ile ile, na sufuria ya supu mkononi, unauliza mtoto ameamkaje.

Kisha ikawa ile Jumapili ulipotoka katikati ya Misa ya kwanza kumsindikiza mwanakwaya aliyeshikwa na kizunguzungu. Langoni ukamkuta mlinzi amesimama wima na rungu lake, macho kwenye magari, anaimba sauti ya nne, ile besi, peke yake, sawasawa kabisa, akiifuata kwaya kupitia madirishani. Ulimngoja amalize ubeti.

"Wewe huwa unaingia Misa ipi?" ukamuuliza.

"Zote, mama. Naingia nikija kuuliza gari la nani limeziba njia."

Maneno hayo ulikuja nayo nyumbani ukayarudia mezani mpaka chakula kikapoa. Sisi tulicheka. Wewe hukucheka. Mtu amebatizwa, ulisema, ana zamu Jumapili zote, na sisi ndani tunasomewa habari za haki ya mfanyakazi, tunaitikia "Tumshukuru Mungu," halafu tunatoka kumuuliza kama magari yetu yako salama.

Paroko hakuwa na neno. Mkapanga kwamba kila Jumapili mwanakwaya mmoja akae langoni, mlinzi aingie. Zamu ya kwanza ulishika wewe mwenyewe. Kwaya ikaimba bila mwalimu na hakufa mtu. Mlinzi alikaa benchi la mwisho, kofia magotini, na wakati wa kupeana amani alisahau kuachia mkono wa jirani yake.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka zamu ilipomfikia kinyozi, ambaye ni nguzo ya sauti ya nne. Akiwa langoni akasikia wenzake wanapotea kwenye wimbo wa matoleo. Mtu mwingine angeziba masikio. Kinyozi hakuweza. Akasogea kidogo, akasogea tena, mwisho alikuwa ndani ya mlango anawaokoa wenzake kwa kifua chake chote. Wimbo ulipona. Vioo vya pembeni vya gari la mwenyekiti wa parokia vilikuwa vimekwenda na wenyewe.

Na mwenyekiti wa parokia ni mdogo wako, mjomba wetu, uliyemlea mgongoni.

Alikuja kwetu siku ile ile, akakataa kiti.

"Dada, mimi nakuheshimu. Lakini mlinzi ameajiriwa kulinda. Halmashauri ya parokia imeamua abaki langoni."

"Halmashauri imekaa saa ngapi, na vioo vimeibwa leo asubuhi?"

"Nimeongea nao kwa simu."

"Na yeye asali lini?"

"Mungu anamsikia popote alipo."

"Basi hata wewe anakusikia popote ulipo. Nenda kasalie langoni."

Baba ni mtu wa "ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," na kwa kuwa ni fundi bomba alichukua spana akaenda uani kukaza bomba ambalo halikuwa linavuja. Mjomba akaondoka bila kuaga.

"Sawa," ukasema, ukirudi kwenye cherehani. "Mlinzi abaki langoni. Kwaya itamfuata."

Jumapili iliyofuata mabenchi ya kwaya yalikuwa nyuma kabisa ya kanisa, mlango mkubwa umeachwa wazi. Waya wa kinanda haukufika, kwa hiyo mliimba kavukavu, bila ala. Waumini waliozoea kuitazama kwaya mbele walibaki wanatazama ukuta, hawajui wafanye nini na midomo yao. Ukaanzisha kiitikio cha zaburi, kwaya ikajibu, kanisa kimya. Ukaanzisha tena, na kutoka nje, langoni, ikaja sauti moja nene. Bibi mmoja wa benchi la katikati akaidaka. Wakadaka wengine. Kufika "Mtakatifu" kanisa zima lilikuwa linaimba, vibaya na kwa nguvu. Wakati wa Komunyo paroko alitembea mpaka langoni kumkomunisha mlinzi. Tangu hapo watu wa Misa ya kwanza hawaimbiwi, wanaimba.

Wote walikusifu, na wewe hukuridhika. Ulisema mtu hapewi Misa dirishani kama ombaomba. Ulitaka aingie, akae, asimame, apige magoti na wenzake. Mlilipeleka jambo hilo halmashauri tena na tena, na jibu la mjomba halikubadilika.

Mjomba naye hakuja tena kunywa chai kwetu Jumapili. Ulisema hujali. Ulijali, Mama. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani ulikatiza mazungumzo. Kanisani mlipeana mkono wa amani kwa sababu pale hakuna namna, kisha kila mtu na njia yake.

Ulipolazwa, alikuja. Tulikuwa wote tumekizunguka kitanda, tukampisha.

"Umekuja kama mwenyekiti au kama mdogo wangu?"

"Nimekuja kama mtu aliyeibiwa vioo."

Ulicheka mpaka ukakohoa, muuguzi akaja kutugombeza sote. Ulipotulia ukamshika mkono.

"Nataka yule mlinzi aingie. Akae ndani kama watu."

"Siwezi kuahidi kwa niaba ya halmashauri, dada."

"Sijaiomba halmashauri. Nimekuomba wewe."

Mjomba alikuwekea mto vizuri, akakuuliza kama unasikia baridi, akaaga. Alipotoka ukatuuliza, "Amesemaje?" Tukakwambia hajasema kitu. Ukafumba macho. Wiki ile ile ulituacha, na jibu lake hukulisikia. Katika yote yaliyotuuma, hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Kwa hiyo tunakupa jibu leo.

Siku ya Misa yako ya mazishi kanisa lilijaa, magari yakapanga mpaka barabarani. Kwenye benchi la kwanza tulimwachia mjomba nafasi kati ya Baba na mama mkubwa. Misa ikaanza, nafasi iko wazi. Tulikasirika, tukufiche nini. Baba alinong'ona, "Hata leo?" Zaburi ilipofika tukasikia sauti nene nyuma yetu, karibu, ndani ya kanisa. Tukageuka. Mlinzi alikuwa katikati ya kwaya, hana rungu, ameshika kitabu kimoja na kinyozi.

Mjomba hakuyasikia mahubiri juu yako. Hakusimama nasi kukunyunyizia maji ya baraka. Alikuona mara moja tu, tulipokutoa nje. Alikuwa langoni na suti yake nyeusi, jasho linamtiririka, anayazuia magari kwa mkono. Akalifungua lango lote, akasimama pembeni, akasema, "Pita, dada."

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, Misa ya kwanza. Langoni atakaa Baba, ambaye hajui kuimba na hakuna sauti itakayomvuta ndani. Ameiomba zamu hiyo mwenyewe ili safari hii mjomba akae benchi la mbele. Wenye magari tafadhali msizibe njia.

Tunaokukumbuka: mume wako, sisi wanao watatu, mkweo, wajukuu wako, na mmoja wao hukuwahi kumpakata, mama mkubwa, wifi zako, kwaya yako, sauti zote nne, na ya nne ina mtu mmoja zaidi, na mdogo wako, ambaye ametuomba tusiandike "mwenyekiti."

Utakumbukwa nasi siku zote, Mama.