Pua Yangu na Utafiti wa Nyambeki

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Binti yangu Nyambeki amekuja na gazeti dogo la koleji yao ya sayansi. Ukurasa wa pili, picha yetu. Yeye na koti jeupe, mimi nimeinamia trei ya majani pale kiwandani, macho nimefunga kama mtu anayeomba. Chini wameandika: mwanafunzi wa shahada ya pili analinganisha pua ya mfanyakazi mstaafu na vipimo vya maabara. Mzee Ondieki, miaka ishirini na sita akinusa majani ya chai.

Mke wangu Loice ameisoma mara tatu. Ameikata kwa wembe na kuibandika karibu na kalenda ya kanisa. "Binti yangu gazetini!" anasema.

Nimefurahi. Halafu nimetoka kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Jumanne, 6 Agosti

Kiwandani saa mbili asubuhi. Kiptum, aliyechukua nafasi yangu ya usupavaiza, ametuwekea trei kama kawaida. Majani yakitoka kwa mashine ya kukata bado ni kijani. Yanaachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, ndiyo yaende kukaushwa. Ukiyatoa mapema, chai ni mbichi. Ukichelewa, imelala, haina ladha. Kazi yangu ni kunusa na kusema "sasa". Nyambeki anaandika dakika, anachota kijiko cha kupeleka maabara.

Zamani harufu ilikuwa inanijia yenyewe. Kwanza nyasi. Halafu, polepole, kitu kama pera lililoiva.

Leo nimeinama — hakuna. Kama kunusa maji. Ni hivyo tangu nilipotoka kitandani baada ya kuugua homa, tarehe kumi na tano Julai. Nimeangalia rangi, nimefinya majani kidogo, nimeibia macho saa ya Kiptum.

"Sasa," nikasema.

Nyambeki ameandika. Ananiamini huyu mtoto.

Jumamosi, 10 Agosti

Maziwa yameungua nikiwa nimekaa kando ya jiko. Loice ameingia akikohoa, akatoa sufuria, akaniangalia.

"Baba Nyambeki, hunusi?"

Nikamwambia nilikuwa na mawazo.

"Nimepika omena wiki tatu mfululizo," akasema. "Wewe, ambaye ukisikia harufu ya samaki hao unahamia nje. Umekula kimya."

Kumbe alikuwa ananipima. Mke wangu naye ana utafiti wake. Nikacheka, yeye hakucheka. Akanifuta maziwa kwenye suruali na kitambaa, taratibu, kama nimeumia.

Akasema nimwambie mtoto. Nikasema acha amalize kwanza.

Jumapili, 18 Agosti

Baada ya kanisa Nyambeki ametupa habari. Amechaguliwa kusoma utafiti wake mbele ya vyuo vyote, Nairobi, mwezi ujao. Kutoka koleji yao ni yeye peke yake. Mama yake akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Halafu Nyambeki akanifungulia karatasi kubwa yenye mstari. Mstari unaenda sawa Mei yote, Juni yote. Katikati ya Julai unakunja kona.

"Tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu, "ona hapa. Vitabu vinasema baridi inachelewesha majani. Lakini tangu baridi hii ya Julai, pua yako inasema yanawahi. Dakika saba! Hakuna mtu ameandika hilo."

Mwalimu wake, Dk. Oyoo, amemwambia hiyo kona ndiyo moyo wa kazi yote. Ameshaitangaza kwa wenzake.

Najua hiyo kona. Si baridi. Ni woga wangu. Naogopa kuchelewa, basi nasema "sasa" mapema.

Nimesema ni vizuri. Nimekula.

Jumatatu, 19 Agosti

Sikwenda kiwandani. Nimesema ni mgongo. Nyambeki amenikanda na mafuta kabla ya kuondoka. Mgongo mzima usio na kasoro, na mikono yake juu yake.

Jumatano, 21 Agosti

Nimemwambia.

Tulikuwa tunachuma chai yetu hapa juu, yeye mstari wake, mimi wangu. Ukungu wa milima ya Mau ulikuwa haujatoka.

"Nyambeki. Ile kona si baridi."

Akaendelea kuchuma. "Ni nini basi?"

"Ni mimi. Sinusi kitu tangu ile homa. Nakisia."

Mikono yake ikasimama juu ya mti. Hakuniangalia.

"Tangu tarehe ngapi?"

"Kumi na tano Julai."

"Siku zote hizo?"

"Zote."

Akauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakapotea. Nikamwambia ukweli: tangu nistaafu, hakuna mtu alikuwa ananingoja mahali popote saa mbili asubuhi. Wewe ulikuwa unaningoja.

Akashika tawi bila kuchuma. Nikajua anafikiria Nairobi, na gazeti, na Dk. Oyoo. Lakini swali alilouliza lilikuwa lingine.

"Na chai ya Mama? Huisikii?"

"Nasikia moto wake. Na sukari."

Hapo ndipo akalia. Si kwa sababu ya utafiti. Akalia kwa sababu ya chai ya mama yake. Nikabaki nimesimama na kikapu mgongoni, sijui niweke wapi mikono.

Alhamisi, 22 Agosti

Nyambeki amegawa karatasi mezani mafungu mawili. Fungu la Mei hadi katikati ya Julai, nene. Fungu la baada, jembamba. Ile sura ya baridi ameikata kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka hata mmoja. Loice amempelekea uji. Nimeuliza kama naweza kusaidia. Amesema nikae tu hapo karibu.

Jumatatu, 26 Agosti

Naandika nikiwa koleji. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Dk. Oyoo. Nimevaa koti la harusi za watu. Nyambeki alisema nisije, nikaja.

Wako ndani. Mlango haujafungika vizuri. Daktari anasema jina la Nyambeki limeshapelekwa Nairobi. Anasema mzee anaweza kuwa alikosea siku chache tu, kwa nini kutupa wiki nzima nzima, nani atajua. Sauti yake si mbaya. Ni ya mtu aliyechoka.

Nyambeki anasema: "Mimi nitajua, daktari. Na baba yangu anajua."

Nasikia kalamu ikiwekwa mezani.

Daktari anauliza, sasa anabaki na nini? Nyambeki anasema anabaki na Mei na Juni, na nusu ya Julai, na hizo ni za kweli. Kama hazitoshi Nairobi, atangoja mwaka mwingine.

Mwaka mzima. Kwa ajili ya pua yangu. Nimesimama, nimekaa tena.

Kiti kimekokotwa ndani. Daktari anauliza: huyo mzee mwenyewe yuko wapi? Nyambeki anajibu yuko hapo nje.

Nyambeki amefungua mlango. Macho yake ni mekundu, lakini kichwa amekiinua.

"Tata, ingia," anasema. Ameshika mlango. Nyuma yake daktari anaondoa vitabu kwenye kiti cha pili, anakipangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Nafunga daftari hili, naingia kumwambia mwenyewe.