Begi la Kijani na Fundo la Baba

Ijumaa, Machi 2008. Juba.

Leo jua limeamka na hasira. Saa mbili asubuhi mawe ya mtoni yalikuwa tayari yanachoma nyayo, upepo hakuna, na mvua tunayoingoja haijatuma hata wingu moja la salamu. Naandika haya katika chumba cha intaneti hapa Atlabara. Jenereta inanguruma nyuma ya ukuta na vidole vyangu bado vinanuka samaki. Jirani yangu wa kushoto ameshahamia kiti kingine, na simlaumu.

Nataka kuandika habari za begi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Kiden. Nimekulia Eldoret, nikarudi Juba na Mama mwaka juzi baada ya amani kutiwa saini. Tunakaa kwenye kiwanja chetu cha zamani Juba Na Bari, na tuna kibanda cha chakula hapa Atlabara, wateja wetu wengi wakiwa wanafunzi wa chuo. Samaki ninaopika nawavua mwenyewe, kwa mshipi na ndoano, nikiwa juu ya jiwe ambalo Baba alikuwa akivulia kabla ya vita. Majirani hucheka kumwona mwanamke amekaa juu ya jiwe na mshipi mkononi. Wakishacheka, huja kununua.

Shida yangu ilikuwa joto. Samaki anayetoka majini saa moja, mpaka saa ya chakula cha mchana macho yameshaingia ndani na matamvua yamepauka. Wiki mbili zilizopita nilimpikia mwalimu mmoja wa chuo sangara aliyekwisha kuanza kuharibika, nikazidisha ndimu na pilipili nikidhani nitamficha. La kuvunda halina ubani. Mwalimu alisukuma sahani taratibu, akalipa, na mpaka leo hajarudi. Bado naona haya.

Basi Jumatatu nilikwenda soko la Konyo Konyo kutafuta begi la kuhifadhi baridi, yale yenye sponji nene katikati na bitana ya kung'aa ndani. Anayeuza ni Mganda mmoja, Opio, mtu wa maneno mengi, na mabegi yake ni mitumba.

Nilichagua kwa kichwa, yaani niliingiza kichwa ndani ya kila begi. Jeusi nililikataa mapema, nyeusi hunywa jua. La bluu lilipendeza macho, lakini nilipoingiza kichwa na kulielekeza juani niliona nukta za mwanga kwenye mshono, na panapoingia mwanga ndipo baridi inapotorokea. La tatu sponji yake ilikuwa nyembamba kama chapati ya mtu bahili.

"Dada, wewe nachagua begi kama bwana," Opio alisema. "Mchagua jembe si mkulima. Ingia ndani yote basi, lala."

Chini kabisa ya rundo kulikuwa na begi la kijani, kuukuu, limepauka mabegani. Nikaingiza kichwa. Giza tupu, hakuna hata tundu la sindano. Na baridi. Rundo lote lilikuwa juani tangu asubuhi, lakini humo ndani mlikuwa na baridi ya maji ya chini, yale ambayo mguu hukutana nayo ukishapita kina cha kiuno. Masikio yangu yakaziba. Redio, bodaboda, akina mama wa nyanya, vyote vikakatika kwa mara moja. Nilitoa kichwa kwa kasi na kelele za soko zikarudi.

Ningeliacha. Lakini nikaona zipu.

Kishikio chake kilikuwa kimekatika, na mtu alikuwa amefunga kipande cha mshipi wa kuvulia badala yake. Sasa, Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Fundo lake lilizunguka mara tatu kinyume na la watu wote, mara ya nne likarudi lilikotoka, kisha ncha zake alizitafuna kwa meno badala ya kuzikata kwa kisu, zikabaki masikio mawili madogo. Alitufundisha fundo hilo sisi wanawe wawili tu. Baba amelala kaburini Eldoret. Mimi sikulifunga.

Anabaki kaka yangu Wani.

Fundo lilikuwa limelowa maji.

Wani alibaki Juba tulipokimbia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na saba, akasema atatufuata akishauza nyavu za Baba. Hakutufuata. Tuliporudi tuliuliza kanisani, hospitalini, kwa kila mvuvi wa zamani aliye hai. Hakuna aliyemwona akifa na hakuna aliyemwona akiishi. Ninachomkumbuka zaidi ni tumbo lake. Hakuweza kufika nyumbani na samaki wa kwanza. Alimchoma pale pale ufukoni akamla na ngozi, Mama akampiga, kesho yake akarudia.

Baba Mdogo Lado, ndugu wa Baba, anasema imetosha, tufanye matanga na sala. Amepanga iwe kesho, Jumamosi. Mama amekataa. Kila mchana pale kibandani hupakua sahani tatu, ya kwake, ya kwangu, na ya Wani, na ya Wani huwekwa kipande cha mkia. Mwezi ujao watu wa sensa watapita nyumba kwa nyumba, na Mama ameapa kwamba watatuandika watatu. Baba Mdogo alimwambia kumhesabu asiyekuwepo ni kujitafutia kisirani. Tangu siku hiyo hawasalimiani.

Kwa hiyo nilisimama sokoni na fundo lile mkononi, nikamuuliza Opio.

"Hii umeitoa wapi?"

"Hiyo? Mtu naleta, hapa hapa Juba. Alisema weka, mimi narudi. Hakurudi."

"Mtu gani? Kijana? Mzee?"

"Dada, mimi sikuangalia uso. Mimi niliangalia begi." Opio alijikuna shingo. "Lakini viatu yake ilikuwa na maji mingi. Na hapa, ona, mavumbi tupu."

Nililinunua. Nakiri hapa kwamba sikuchagua sponji wala bitana. Nilichagua fundo.

Nakiri pia kwamba sikumwambia Mama. Nilizungusha kitambaa juu ya fundo nikakikaza. Mama ana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, lakini mikono yake inaona kila kitu. Nilijiambia: nikimwambia, atamngoja Wani mpaka siku ya kuingia kaburini. Nisipomwambia, na Wani yu hai mahali fulani mjini humu, basi kesho tutamlilia mtu anayetembea. Wiki nzima nimelala na kuamka na jambo hilo.

Na begi lenyewe likaanza mambo yake.

Niseme kwanza jinsi Baba alivyopanga samaki. Kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia. Alisema samaki wakitazamana husimuliana walivyokufa, na wakisimuliana huoza upesi. Wani alifuata hivyo bila kukosea. Mimi, kwa ukaidi wangu, niliwalaza wote vichwa vikinielekea, na tukagombana kila asubuhi juu ya jiwe lile. Nilitaka samaki wanisimulie na mimi.

Mpaka leo nawapanga vile vile.

Jumanne niliweka ngege watano, vichwa kwangu, barafu juu, nikafunga zipu. Nilipofungua kibandani walikuwa wamelala kichwa kwa mkia. Nikacheka. Nikasema ni Mama, maana alikuwa amepakata begi kwenye bodaboda, na vidole vyake havijui kutulia.

Jumatano nilimtanguliza Mama, mimi nikaja kwa miguu, begi begani, halikushuka hata mara moja. Nikafungua. Kichwa kwa mkia. Barafu ilikuwa na pembe zake zote, kama imetoka kwa muuza barafu dakika ile.

Jana baada ya kufunga zipu sikuondoka. Nilikaa palepale kwenye jiwe, kiganja juu ya kifuniko. Asubuhi nyeupe kabisa, wanawake wakifua nguo hatua chache kutoka kwangu, wakitaniana kuhusu mume wa mtu. Chini ya kiganja changu nikasikia kitu kinasogea. Taratibu, mmoja, halafu mwingine, kama mtu anavyowageuza watoto waliolala ili wote waenee kwenye mkeka. Samaki wale nilikuwa nimewatoa matumbo mimi mwenyewe.

"Wani?" nikasema.

Kusogea kukakoma.

Wanawake nao wakaacha kufua, wakaniangalia. Mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni njaa.

Leo asubuhi nilikuwa nakaanga vitunguu, Mama akavuta kigoda. Namwandika kwa Kiswahili, lakini yeye huongea Kibari, na Kiarabu cha Juba akichoka.

"Leo samaki nitawaparua mimi," akasema.

Kabla sijaitikia, zipu ilishafunguka na mkono wake ulikuwa ndani. Niliutazama ukipita juu ya samaki, kichwa, mkia, kichwa, mkia. Ukasimama. Ukarudi mwanzo, ukapita tena.

"Nani amewapanga hawa?"

Ningeweza kusema ni mimi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Mama ananijua na ukaidi wangu, na mimi nimechoka.

"Si mimi, Mama."

Nikamwambia yote, ya Opio, viatu vyenye maji, Jumanne, Jumatano na jana. Nikafungua kitambaa nikampa fundo. Alilishika kwa vidole viwili, akahesabu mizunguko midomo ikicheza, akagusa masikio yale mawili. Vitunguu vikaungua. Hakuna aliyeviepua.

Niliogopa furaha yake. Niliogopa atasimama aniambie tumkimbilie Opio, tuzunguke mji mzima, tufute sala ya kesho. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumkalisha.

Badala yake akauliza, "Uliweka wangapi?"

"Sita."

"Na humu wako wangapi?"

Nikawahesabu. "Sita."

"Na jana? Na juzi?"

"Walitimia, Mama. Kila siku."

"Hakula hata mmoja."

"Hakula."

Mama aliweka mkono mapajani. Maji ya barafu yakamchuruzika vidoleni hadi kwenye kanga. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya chumvi:

"Mwanangu angekuwa hai, angekula kwanza."



"Siku nne yuko na samaki," akasema, "na hata mkia hakuonja. Kalas, Kiden. Imekwisha. Kalas."

Alisimama akapapasa rafu mpaka akaipata sahani ya tatu. Akaifuta kwa pindo la kanga, mbele na nyuma, akaiweka chini kabisa ya zile nyingine.

"Mwambie baba yako mdogo kesho aje mapema," akasema. "Na hao watu wa sensa, uwaambie tuko wawili."

Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia vitunguu vilivyoungua, na wanafunzi wawili waliokuja kula wakanipa pole.

Nimefikiri sana tangu mchana. Wiki nzima nililichukulia fundo lile kuwa habari njema niliyoogopa kuitoa. Mama alihitaji kuligusa na kuuliza idadi ya samaki tu kujua ni habari gani. Sijui ni nani aliyeacha begi kwa Opio. Sijui yalikuwa maji ya wapi kwenye viatu vile, na nimeamua sitarudi kuuliza. Nina hasira pia, niseme ukweli. Miaka yote hii, Wani, na unakuja kwa ajili ya samaki?

Baada ya chakula cha mchana walibaki samaki wengine sita, niliowanunua kwa wavuvi kwa ajili ya wageni wa kesho. Niliwalaza kwenye barafu mpya, vichwa vyote vikinielekea, nikafunga zipu na kuweka kiganja juu ya kifuniko. Nikangoja. Nilingoja mpaka mkono ukafa ganzi.

Sikusikia kitu.

Nimefungua mara tatu tangu hapo, mara ya mwisho hapa hapa, chini ya meza hii, jirani aliyehama akinikodolea macho. Wamelala kama nilivyowalaza, wote wakinitazama. Barafu imeanza kulainika pembeni, kama barafu ya watu wengine. Fundo ni kavu.

Nilidhani nitapumua. Nimekaa tu nikilitazama begi, na nimetamani sana lisogee.

Kesho ni siku ya Wani. Baba Mdogo atakuja mapema, Mama atamsalimia, na mimi nitapika.

Ila kabla sijatoka hapa nimefanya jambo nililomkatalia kaka yangu utoto wangu wote. Nimeinama chini ya meza, nimeingiza mikono kwenye barafu, na nimewageuza samaki mmoja mmoja, kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia. Sitaki tena wanisimulie.