Baba, Zamu Yako

KUMBUKUMBU YA KUNIAKI HIROSAWA

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumapili ile uliponyamaza katikati ya muziki, mkahawani kwa Mzee Ogata hapa Takaoka, nasi sote tukadhani ni mbwembwe zako.

Siku za kazi ulikuwa fundi wa lifti. Jumapili ulikuwa wa Mama, wewe na kodiani yako ya umeme, yeye na koto yake, ala ya kale ya nyuzi ya Kijapani. Walimu wake walinuna waliposikia kwamba nyuzi za kale zitapigwa pamoja na kitu cha kuchomekwa ukutani. Mzee Ogata naye hakukosa la kusema: "Hirosawa, leo umeleta kodiani au friji?" Ukamjibu bila hata kumtazama: "Friji. Lete bia."

Hamkuwa na wimbo uliopangwa. Mama alianza na uzi mmoja, ukamjibu, mkafuatana hivyo hivyo mpaka mlikofika. Ulipenda kunyamaza ghafla, macho umefumba, watu wamebana pumzi, kisha ukarudi na sauti laini ambayo hakuna aliyeitarajia. Nyumbani ulifanya mazoezi umeme umezimwa, Bibi asinzie, tukawa tunasikia mivukuto tu ikipumua.

Siku ile ulinyamaza, kidevu kikaegemea kodiani. Watu wakatabasamu. Mama akasubiri, akagusa uzi, akasubiri tena. Taa ya kijani ya kodiani ilikuwa bado inawaka. Ndipo akakunong'oneza: "Baba Mihoko, zamu yako."

Mzee Ogata ndiye aliyeona kwamba mivukuto imetulia, na kifua chako pia.

Baba, tangu hapo tunaogopa kimya. Redio yako haizimwi. Ba'mdogo Norifumi akipiga simu na kutua kidogo kumeza mate, Mama anamwita kwa hofu. Nikiwa bafuni, maji yakiacha kumwagika tu, nasikia: "Mihoko, upo?" Siku hizi najibu nipo hata kabla sijaulizwa. Bibi akisinzia kwenye kiti, tunamsogelea mmoja mmoja kutazama kama anapumua. Juzi akafumbua macho, akatuambia tukatafute kazi ya kufanya.

Koto ilikuwa imefunikwa mwaka mzima. Wiki hii Mama ameifunua, akapanga vile vidaraja vinavyoinua nyuzi kwa mkono wake. Jumapili hii, baada ya ibada ya kukukumbuka hekaluni, atapiga palepale mkahawani. Kodiani yako itakaa kitini pako, umeme umewashwa. Atapiga mpaka pale ulipoishia, kisha atakuachia zamu yako yote.

Nilimuuliza atakaa kimya kwa muda gani. Akasema hajui.

"Ila nikinyamaza, Mihoko, usiniite."

Nimemwahidi, Baba, na sijalala vizuri tangu hapo. Najua nitamtazama mabega. Najua jina lake litanijia mdomoni. Nitamshika Bibi mkono, na Ba'mdogo atanishika mimi, na hatutaita mtu.

Mnaokuja, tunawaomba msipige makofi mpaka Mama aguse uzi tena.

Unakumbukwa na mkeo Sayoko, mama yako Fumie, mdogo wako Norifumi, nami binti yako Mihoko; pamoja na Mzee Ogata, anayesema friji lako lina nafasi yake mkahawani siku zote.

Hatutakusahau kamwe, Baba, hata tukinyamaza.