Basi la Muyinga limefika bila mimi

Nyamugari, Jumatano

Na basi lilifika salama! Jumatatu Baba Zuhura alinizuia kupanda. "Mama Zuhura, barabara iko mbaya, wanapiga magari risasi. Tumwachie Mungu." Nikamwachia, lakini nilinuna siku mbili, maana Zuhura wetu alikuwa karibu kujifungua kule Muyinga, na ni mimba yake ya kwanza.

Leo dereva amerudi. Hakusikia hata risasi moja njiani. Akaniambia, "Mama, binti yako amezaa mtoto wa kike. Wote wazima."

Baba Zuhura akasujudu palepale kwenye vumbi. Mi nikabaki nimesimama, sijui nimkasirikie nani.

Kumbe siku zote nilimwamini Mungu, ila nilidhani bila mimi hataweza.