Firigisi ya Baba Nekesa

Jumapili, baada ya kuosha vyombo

Kumbe yule nesi wa kliniki hakutudanganya. Alituambia kina mama kwamba ukizungumza na mtoto kwa makini, ubongo wako na wake huanza kwenda pamoja, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Nilirudi nyumbani Mbotela na hofu. Mimi nikitoka kazini humjibu Nekesa "mm" tu, na sasa ana miaka minne. Niliona nimeshamwacha njiani.

Kwa hiyo leo nilizima simu, tukapika kuku huku tukipiga gumzo. Akaniuliza kwa nini firigisi huwa ya baba peke yake. Tukaangaliana. Nikaikata vipande viwili, tukaila hapo hapo kando ya jiko.

Mezani, Baba Nekesa alikoroga mchuzi mpaka chini. "Mama Nekesa, kwani kuku wa Nairobi hana firigisi?"

"Paka wa jirani ameila!" tulijibu mimi na Nekesa kwa sauti moja, wala hatukuwa tumepanga.

Nilifurahi karibu nilie. Mimi na mtoto wangu tuko pamoja! Kisha nikaona ninachofurahia ni nini. La, uongo sikubali, hata ukiwa wangu. Nikamshika Nekesa mkono, nikamwambia tumwombe baba msamaha sote wawili.

Nekesa akatangulia. "Pole, Baba. Lakini Mama alikula kipande kikubwa."

Hapo kila ubongo ulishika njia yake.