Tukaelewana Mahari

Malinya, Ikolomani
3 Machi 2025

Awinja, mtoto wa kaka yangu,

Mirembe. Natumaini huko Nairobi u mzima na kazi inaendelea. Najua inaendelea kwa sababu nimeiona. Mimi hali yangu ni mbaya, na ni wewe umeiharibu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu nimeizima. Watu nisiowajua wananipigia kunitukana. Juzi sokoni mwanamke mmoja aliniuliza kama bado nina binti mwingine wa kuuza.

Mwaka jana ulikuja hapa na kinasa sauti chako. Nikakuchinjia ingokho, kuku mzima. Ukaniambia, "Senje, nataka Navalayo asisahaulike." Nikakueleza yote kuhusu kuuawa kwa binti yangu, hata yale ambayo sikuwa nimemwambia baba yako, kwa kuwa wewe ni damu yangu. Kumbe ulikuwa unakusanya bidhaa.

Sasa tumeona tamthilia yako, *Mashimo Mekundu*, tukiwa tumejaa kwa Rachael mwenye runinga kubwa. Mwanzo kabisa imeandikwa kwamba imetokana na kisa cha kweli. Umembadilisha Navalayo jina, ukaniachia mimi leso yangu, nyumba yangu na maneno yangu. Halafu, sehemu ya nne, mama anaketi na yule muuaji wanapatana mahari. Anapewa ndama. Anamfunga ndama kwenye kigingi, na binti yake anaondoka na yule mtu, na mama hata hageuki kumtazama. Rachael alizima runinga. Nikatoka.

Shemeji yangu Shitanda ndiye amefurahi. Tangu mume wangu Phanuel afe amekuwa akililia shamba hili kwa sababu ya dhahabu iliyomo. Sasa anatangaza kwamba nilikula mahari ya mtoto wa kaka yake kwa siri, tena mkononi mwa muuaji, kwa hiyo sistahili kukaa katika boma lao. Ukoo utaketi baada ya Pasaka. Nikifukuzwa, namwacha Navalayo kaburini nyuma ya nyumba, mikononi mwa huyo Shitanda.

Njoo usimame mbele yao useme ulitunga. Sitaki kitu kingine kutoka kwako.

Ni mimi,
Senje wako, Roda

* * *

Nairobi
12 Machi 2025

Senje mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Nasikitika kwamba huna amani, na nasikitika zaidi kwamba umeamua mimi ndiye mkosaji.

Senje, sikutunga. Ninayo sauti yako. Nimeisikiliza tena jana ili nisikukosee heshima. Unasema hivi: "Alikuja tukaelewana mahari, nikamwambia Navalayo aende na yeye." Ni maneno yako mwenyewe, na unalia ukiyasema. Wale wasichana wengine wote aliowaua aliwachumbia kwanza, kila mtu aliyefuata kesi anajua. Nilidhani unanifungulia moyo. Nilikuhurumia, na niliandika ile sehemu kwa huruma. Mwongozaji alitaka mama acheke akipokea ndama, nilikataa mimi.

Unanitaka nisimame mbele ya wazee niseme nilidanganya. Sitasema, kwa sababu sikudanganya. Na mkataba wangu hauniruhusu kuizungumzia kazi hii popote bila idhini ya kampuni. Nikifungua mdomo, kazi imekwisha.

Mimi sikumuua Navalayo. Naona kama umesahau ni nani aliyemuua. Yeye yuko gerezani anakula na kulala, na hasira zako zote umeziletea mimi.

Wako,
Mtoto wa kaka yako, Awinja

* * *

Malinya
20 Machi 2025

Awinja,

Mirembe. Uzima wako sikuulizi leo.

Baba yako alikulea kama mzungu na sasa mimi ndiye ninayelipa. Tangu lini, katika nchi hii yote, mwanamke akaketi peke yake akapatana mahari? Mahari ni ya baba na wajomba na wazee wa ukoo, wanakunywa chai yao na kubishana kutwa, na mama yuko jikoni anasonga obusuma. Hata mimi, siku walipokuja kwa ajili yangu, mama yangu hakuvuka kizingiti. Mtoto yeyote wa Malinya angekucheka. Uliandika jambo hilo, ukalipwa, na hakuna hata mmoja huko kwenu aliyeuliza.

Sasa nisikilize, nakuandikia polepole kama ninayemfundisha mtoto. Yule mtu alikuja kutafuta mahari ya kuchimba dhahabu. Wote walikuwa wanakuja hivyo, na hakuwa na alama ya muuaji usoni. Nikamwambia kwa migomba hapana, aende kule chini karibu na mto. Akakubali. Tukaelewana mahari. Nilikuwa na unga motoni jikoni, nikamwambia Navalayo aende na yeye, amwonyeshe. Hayo ndiyo niliyokuambia, na ndiyo niliyoiambia korti, na hakimu alinielewa.

Nilimtuma mtoto wangu mwenyewe kwa muuaji. Hilo sijawahi kulikana kwa mtu yeyote. Ungeliandika hilo ningekaa kwa Rachael mpaka mwisho nikilia, na nisingekulaumu. Wewe ukaona halitoshi, ukaniongezea ndama.

Njoo. Nauli kama huna nitakopa nikutumie.

Senje wako

* * *

Nairobi
29 Machi 2025

Senje,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikaenda kujifungia chooni.

Umeandika "mahari ya kuchimba dhahabu." Mimi hapo ningeandika mahali. Sijui kama unaiona tofauti. Ulipokuwa ukiongea nilisikia mahari ya kuolea, na haikunijia hata mara moja kwamba ulikuwa unamwonyesha mtu pa kuchimba. Herufi moja, Senje. Nimelia mpaka mwenzangu Michelle akagonga mlango.

Lakini na wewe usinitupie yote. Nani alinifundisha jinsi mnavyoongea? Baba alipokuwa akisema "rara" badala ya "lala," majirani walimcheka, akaacha kabisa kuongea nasi kama mnavyoongea huko. Nilipokuja kwenu mlinicheka mimi kwa kuongea kama redio. Nimekulia katikati, na kila upande unaniona mjinga.

Nimewaomba wakubwa waondoe ile sehemu. Wamekataa. Ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Wameniambia nikionekana Malinya nikiisema vibaya kazi ya kampuni, nisirudi. Siwezi kuja. Nina kodi, nina mtoto, na nisikudanganye, naogopa pia kusimama mbele ya wale wazee.

Nimefanya ninaloweza. Mazungumzo yote yamebaki kwa kampuni, lakini kile kipande ambacho unasema "tukaelewana" nilikuwa nacho kwenye simu yangu. Nimemtumia Shitanda, kwa kuwa simu yako umeizima, ili ukoo uisikie sauti yako wenyewe. Wao wanaongea kama wewe. Watakuelewa pale ambapo mimi sikukuelewa.

Nisamehe.

Mtoto wako, Awinja

* * *

Mautuma, Lugari
5 Mei 2025

Awinja,

Barua yako ilinifikia siku mbili baada ya Shitanda kupata sauti. Sikuwa na la kufanya tena.

Aliileta mkutanoni na spika ya kanisa. Akaicheza kwa sauti ya juu, akaicheza tena. Yeye mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa amewaambia vijana, "Wekeni viti mahari pazuri." Anajua neno letu vizuri sana. Akazima spika akauliza, "Mumesikia nini? Si ni yeye anasemanga?" Wazee wakatazama chini. Sauti ni yangu.

Nikasimama kujitetea. Nikasema, "Mimi nilisema mahari, sio mahari." Wakacheka. Nikajaribu tena, nikavuta ulimi, nikasema polepole, na kila nikisema wakazidi kucheka, hata Isaiah ambaye nilimlea kwa maziwa yangu mama yake alipokuwa hospitalini. Nimeshiba aibu nyingi katika maisha haya, lakini siku hiyo nilitaka ardhi ifunguke.

Pale hapakuhitajika sauti yangu. Palihitajika mtu wa kusimama aseme yale maneno mawili, moja baada ya jingine, kila mmoja asikie kwamba ni mawili. Katika ukoo wote wa baba yako na wa mume wangu, ulimi huo ni wako peke yako. Wewe ulibaki nao Nairobi ukamtumia adui yangu sauti kwa simu.

Wamenifukuza. Nimekodi chumba hapa sokoni. Selpher, mdogo wake Navalayo, ameolewa karibu, lakini unajua mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe. Au labda hilo nalo hukuambiwa. Ananiletea chakula jioni, tunakula tukiwa tumesimama mlangoni.

Nimesikia Shitanda ameshaingiza wachimbaji. Wameanza nyuma ya nyumba. Niliporudi kuchukua vyombo vyangu walinizuia kwenye geti, sikuweza kuona wamefika umbali gani kutoka kwa kaburi.

Usinitumie pesa, nimezirudisha zile ulizotuma. Usiandike tena kuomba msamaha, sitafungua. Wewe hawawezi kukuzuia getini, wewe unajulikana, wamekuona kwenye magazeti. Nenda ukaangalie kama mtoto wangu bado yuko pale nilipomzika, kisha umwambie Selpher, yeye ataniambia.

Mama Navalayo